Gari, hema, tumbo, mtumbwi au darubini: umkaribie vipi ndege wa matopeni?

Sululu ana urefu wa nusu mita hivi. Akiwa mita 60 kutoka ulipo, lenzi ya milimita 600 kwenye kamera ya sensa kubwa (full frame, kipokea-picha cha upana wa milimita 36) itakuonyesha uwanja wa upana wa mita 3.6, naye atachukua sehemu moja ya saba ya upana huo. Akifika mita 15, uwanja unabaki sentimita 90, anaujaza zaidi ya nusu, na manyoya ya mgongoni unaweza kuyahesabu. Hakuna lenzi ya dukani itakayokupa tofauti hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kamera gani, uliza utajificha wapi.

Hapa tunazungumzia ndege wanaotembea kwenye maji ya kina kifupi na kwenye tope kutafuta riziki: yangeyange, korongo, domomwiko, kwarara, heroe, kiluwiluwi (ndege, si mtoto wa chura), sululu, chamchanga na wadogo zao. Wote huishi mahali peupe pasipo kichaka cha kukuficha, na aghalabu wamekwisha kukuona kabla hujawaona. Njia za kuwafikia ni tano, na kila moja ina siku yake.

Vigezo vya kulinganisha

*Pembe.* Picha iliyopigwa kutoka juu humfanya ndege aonekane kama kitu kilichodondoshwa topeni. Iliyopigwa usawa wa jicho lake humpa hadhi yake, na tope la nyuma huyeyuka likawa rangi tupu. Ukisimama, lenzi iko kama mita 1.6 juu ya ardhi, na ndege aliye mita 15 unamtazama kwa nyuzi 6 kwenda chini. Kutoka dirisha la gari, mita 1.3, ni nyuzi 5. Ukilala na lenzi ikawa sentimita 20 juu ya tope, haifiki hata nyuzi 1. Umbali nao huilainisha pembe: dirisha lilelile la gari kwa ndege wa mita 40 ni nyuzi 2 tu.

*Umbali.* Tunapima umbali ambao ndege anaendelea na shughuli yake kana kwamba hupo. Korongo mkubwa hupendeza hata kwa mita 30. Chamchanga mdogo wa sentimita 15 hudai mita 7 au 8 ili achukue theluthi ya fremu kwa lenzi hiyohiyo ya 600.

*Usumbufu.* Hiki ndicho kigezo kizito kuliko vyote. Mwaka 2022 jamaa mmoja wa sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda juu kidogo, aliyefungwa kifaa cha setilaiti na ambaye hakuwa amefikisha hata mwaka mmoja, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania: kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kutua. Safari ya namna hiyo hulipiwa kwa mafuta ya mwilini, na mafuta hayo hukusanywa katika saa chache ambazo tope liko wazi. Kila mruko wa hofu ni mlo uliopotea na mafuta yaliyochomwa bure. Dalili huja kwa mpangilio: anaacha kula na kuinua shingo, anatikisa kichwa juu na chini, anaanza kutembea akikuacha, anatoa mlio mfupi, anaruka. Ukiona ya kwanza, simama. Ukifika ya tatu, rudi nyuma.

*Kinachoharibika*, *utakachokiona* mbali na picha yenyewe, na *inamfaa nani*: hivi vitatu vinajieleza.

Maji na mwanga kwanza

Njia yoyote utakayoshika, ufukoni maji ndiyo yenye amri. Maji yakipwa, ndege hutawanyika kwenye tope hadi kilomita nzima kutoka ukingoni, na hapo hata hema zuri halisaidii. Yakianza kujaa, huwasukuma kuja juu. Saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa kabisa ndizo za dhahabu. Baada ya hapo hukusanyika kwenye kipande kikavu kupumzika. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tope lote hufunikwa na ndege hubanwa karibu nawe. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, baadhi yao hubaki huko mbali siku nzima.

Saa ya kujaa husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Lakini kwa ufuo mmoja, bamvua hujaa karibu saa zilezile kila inapokuja. Tazama jedwali la maji la mahali pako mara moja tu, utajua kama bamvua yenu hukutana na jua la asubuhi au la jioni, au huangukia adhuhuri. Ikiangukia adhuhuri, tafuta siku tatu au nne kabla au baada yake: maji bado ni mengi na jua limeshuka.

Kwenye ziwa, bwawa na mashamba yenye maji hakuna kupwa wala kujaa. Huko fuata dimbwi linalokauka, maana samaki na wadudu wakibanwa kwenye maji machache, yangeyange na kwarara hujaa kama wamealikwa.

Jua likishapanda, hewa juu ya tope lililopata moto hutetemeka na kuleta mazigazi. Picha hutoka laini, na mtu hulaumu lenzi. Piga saa mbili za mwanzo na mbili za mwisho wa mwanga, au karibia zaidi ili hewa kati yenu iwe chache.

Mipangilio haibadiliki sana kutoka njia moja hadi nyingine. Kasi ya shata iwe sekunde 1/500 kwa ndege aliyetulia, 1/1000 hadi 1/2000 kwa anayedonoa, na 1/2500 au zaidi kwa anayeruka. Uwazi wa lenzi uwe f/5.6 hadi f/8. Kumbuka kwamba lenzi ya 600 kwa f/6.3, ndege akiwa mita 10, hukupa kina cha ukali (unene wa eneo linalotoka kali pichani) cha kama sentimita 10 tu, na mdomo wa sululu mkubwa wa kike hupita sentimita 15. Akikuelekea, jicho na ncha ya mdomo havitakuwa vikali pamoja. Msubiri ageuke ubavu. Yangeyange mweupe mbele ya mikoko yenye giza huungua, hivyo shusha fidia ya mwanga (mpangilio wa kuiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga) kwa 0.7 hadi 1. Ndege mweusi kwenye maji yanayong'aa, ipandishe kwa kiasi hichohicho.

1. Ndani ya gari

*Pembe na umbali.* Pale ambapo barabara inapita kando ya maji, mita 10 hadi 25 ni jambo la kawaida. Pembe ndiyo udhaifu wake. Gari lenye mlango wa kuteleza hukupa ahueni: ukilala sakafuni mwake lenzi hushuka hadi sentimita 60 hivi. Vinginevyo weka mfuko wa kitambaa uliojazwa maharage, kilo mbili hivi, juu ya ukingo wa dirisha na uegemeze lenzi hapo. Hutulia kuliko stendi ya miguu mitatu.

*Usumbufu.* Ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Gari si kitu kinachowinda. Kinachoogopesha ni umbo la mtu mwenye miguu miwili. Punguza mwendo tangu mbali, pita taratibu, simama kabla hujamfikia, zima injini, kisha kaa dakika kumi bila kugusa kamera. Mlango ukifunguliwa, kazi imekwisha.

*Kinachoharibika.* Injini ikiwaka, mtetemo wake huingia kwenye picha, na joto la boneti hujenga mazigazi mbele ya lenzi hata asubuhi yenye baridi. Vilevile, kama ndani kuna joto au baridi tofauti na nje, hewa hucheza dirishani. Fungua madirisha mapema. Abiria anayejikuna kiti cha nyuma hutikisa gari zima. Na usiiache barabara ili usogee karibu: kiluwiluwi hutaga ardhini tu, na tope la ukingoni huonekana gumu mpaka gurudumu lizame.

*Utakachokiona.* Kiluwiluwi ni somo zuri la dirishani. Ana macho makubwa na huwinda kwa kuona: anakimbia hatua chache, anasimama kama sanamu, anainama na kudonoa. Picha ipo kwenye kule kusimama. Ukishaushika mdundo wake hutapoteza tena fremu mia kwa mgongo unaokimbia.

*Inamfaa* mgeni asiyelijua eneo, mwenye magoti mabovu, na anayeandamana na watoto au wazee.

2. Hema la kujificha

*Pembe na umbali.* Vyote viwili unavipanga mwenyewe. Chagua hema lenye dirisha la chini, sentimita 30 hadi 40 kutoka ardhini. Yale yaliyoundwa kwa ajili ya kukaa kitini hukurudisha kwenye urefu wa karibu mita moja. Liweke mita 8 hadi 12 kutoka mahali ndege wanapokula au kupumzika.

*Usumbufu.* Likifanywa sawasawa, hakuna njia inayomwacha ndege huru kuliko hii. Likifanywa vibaya, hakuna inayoharibu zaidi, maana umejipandikiza katikati ya makazi yao. Siku ya kwanza lisimamishe mita 60, siku ya pili 30, siku ya tatu mahali pake. Ingia gizani, saa nzima kabla ya mapambazuko, au saa tatu kabla ya maji kujaa. Toka baada ya maji kushuka kwa saa mbili, ndege wakiwa wameondoka kwa hiari yao. Hizo ni saa tano za kukaa ndani, na asiyeziweza asiingie. Ikibidi kuingia mchana, nenda na mwenzako: muingie wawili, mmoja atoke na aondoke akionekana. Ndege hawahesabu watu vizuri. Wakimwona mmoja anakwenda zake hutulia.

Kitambaa kinachopepea kwa upepo hufukuza ndege kuliko umbo lako, kwa hiyo kamba zikazwe na pembe zote zipigiwe vigingi. Dirisha la nyuma lifungwe, la sivyo kivuli chako kitaonekana kikisogea ndani. Kwenye tundu la lenzi acha chupa nyeusi ya plastiki siku hizo tatu za mwanzo. Siku ya kupiga, lenzi inachukua nafasi ya chupa na hakuna anayeshtuka. Karibu na kiota hema halina mahali pake, hata kidogo.

*Kinachoharibika.* La kwanza ni mwelekeo: hema limesimamishwa jioni kwa uzuri wa jua la jioni, kumbe asubuhi jua linachomoza mbele ya lenzi. La pili ni maji. Siku zinazoelekea bamvua kila kujaa hupanda kuliko kwa jana, na hema lililokuwa kavu Jumatatu huelea Jumatano. Tafuta mstari wa takataka ulioachwa na bamvua iliyopita na uweke hema juu yake. La tatu ni mikono. Lenzi ikizungushwa ghafla kumfuata ndege anayepita, kundi zima huruka. Izungushe polepole kama mkono wa saa, au muache apite. Shata ya kielektroniki isiyo na sauti ni rafiki mkubwa hapa, ila kwenye kamera nyingi husoma sensa mstari kwa mstari na mabawa yanayopiga kwa kasi hutoka yamepinda. Ndege akiruka, rudi kwenye shata ya kawaida kama umbali unaruhusu.

Beba maji ya kunywa na chupa tupu. Chupa tupu ni ya haja ndogo. Saa tano si mchezo.

*Utakachokiona.* Maisha yasiyo na mtu. Ndege wakioga na kupaka manyoya mafuta kwa mdomo, wakilala kwa mguu mmoja na mdomo chini ya bawa, jicho moja likifumbuka kila mara. Yangeyange wadogo, wale wenye miguu myeusi na vidole vya manjano, hutikisa mguu ndani ya maji ili kuwakurupusha samaki. Ukiwa umesimama ukingoni kwa mita 50 utadhani anasitasita. Ndani ya hema unaona vidole vyenyewe vikitetemeka.

*Inamfaa* anayeishi karibu na eneo, anayeweza kurudi siku kadhaa mfululizo, na aliye na kibali cha kuacha kitu pale usiku.

3. Kulala kifudifudi

*Pembe na umbali.* Hii ndiyo pembe bora kuliko zote, chini ya nyuzi 1, na kwa chamchanga wadogo mita 6 hadi 10 hupatikana. Lakini kuna namna mbili, na watu huzichanganya. Moja ni kutambaa ukimfuata ndege. Nyingine ni kulala mbele yake ukamsubiri. Ya pili inashinda mara nyingi kiasi kwamba ya kwanza ningeiita mazoezi ya viungo.

Kusubiri huenda hivi. Kaa mbali na darubini ya macho mawili kwa dakika ishirini na uangalie ndege wanakula wakielekea wapi. Huufuata ukingo wa maji kwa mwelekeo mmoja. Zunguka kwa upana, uwapite kama mita 40 mbele, jua liwe mgongoni mwako, kisha lala. Maji yanayojaa yatafanya kazi iliyobaki. Ukilazimika kutambaa, usiende moja kwa moja. Nenda kimshazari kama mtu mwenye shughuli nyingine. Sogea mita mbili tu vichwa vyote vikiwa chini, na kichwa kimoja kikiinuka ganda. Kundi huongozwa na mwoga wake: akiruka yeye, wameruka wote.

Stendi haina kazi hapa. Chukua kikaango cha zamani chenye kitako bapa, toboa tundu katikati, pitisha boliti ya inchi 3/8, na ufunge kichwa cha stendi juu yake. Huteleza juu ya tope kama mtelezo, kingo zake huzuia tope lisipande, na hakizami. Viwiko na magoti vivae pedi, na chini ya kifua weka karatasi nene ya nailoni.

*Usumbufu.* Ni mdogo ukisubiri, mkubwa ukifuata. Kosa la kawaida hutokea mwishoni: mtu ameridhika na picha, anasimama ghafla mbele ya ndege waliomwamini kwa saa nzima. Rudi kwa tumbo kama ulivyokuja mpaka uwe mita 40 au zaidi, ndipo uinuke. Kwenye mchanga wenye viota hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa mayai yanafanana na kokoto na utayalalia bila kujua. Ndege mdogo akianza kuburuta bawa kama limevunjika, anakuvuta utoke kwenye kiota. Simama, rudi kwa njia uliyojia, ukitazama kila unapoweka mkono.

*Kinachoharibika.* Fokasi hunaswa na wimbi dogo au jani lililo mbele ya ndege. Tumia alama moja ndogo ya fokasi, au utambuzi wa jicho kama kamera yako inao. Upeo wa maji hupinda bila wewe kuona, kwa hiyo washa mstari wa usawa kwenye kioo. Shingo huuma baada ya dakika ishirini; kioo kinachokunjuka huiokoa. Usibadilishe lenzi topeni kwa vyovyote. Jioni, futa kamera kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, na kikaango ukioshe kabisa. Chumvi ikikaa usiku mmoja huanza kula skrubu.

Kisha usalama. Katika saa sita za kujaa, maji hupanda sehemu moja ya kumi na mbili saa ya kwanza, mbili saa ya pili, tatu saa ya tatu, tatu saa ya nne, halafu mbili na moja. Nusu ya maji yote huja katika saa mbili za katikati, na hujaza kwanza vijito vilivyo nyuma yako. Lala upande wa juu wa vijito hivyo, siku zote. Mguu ukizama hadi gotini, geuka. Ukinasa, lala chali, utandaze uzito na uutoe mguu polepole.

*Utakachokiona.* Jinsi mdomo unavyofanya kazi. Tofauti na kiluwiluwi, chamchanga na sululu hutafuta kwa kugusa: ncha ya mdomo imejaa neva, na inaweza kufunguka yenyewe ndani ya tope huku sehemu iliyobaki ikiwa imefumba. Kwa mita 8 utaiona ikinyanyuka kidogo pale mnyoo unapovutwa.

*Inamfaa* mwenye mwili unaokubali na anayependa ndege wadogo. Haimfai aliye peke yake kwenye tope asilolijua.

4. Mtumbwi mwembamba wa kayaki

*Pembe na umbali.* Ukiwa umeketi, lenzi iko kama sentimita 70 juu ya maji, yaani karibu nyuzi 3 kwa mita 15. Nguvu yake iko kwenye mikoko na kingo za matete, ambako hakuna njia ya miguu.

*Usumbufu.* Haubashiriki. Korongo aliyezoea wavuvi hukuacha upite mita 12. Kundi lililopumzika kwenye kisiwa kisichofikiwa na mtu huruka kwa mita 150, na halina pengine pa kwenda. Usielekeze ncha ya mtumbwi kwa ndege. Jipange upande mkondo unakotoka, pandisha kasia, na uache maji yakupitishe kando.

*Kinachoharibika.* Kila kitu kinacheza. Anza na 1/1600 hata kwa ndege aliyesimama, washa kituliza-mtikisiko, na piga mikupuo mifupi ya picha kadhaa mfululizo. Kamera ikae kwenye mfuko usiopitisha maji mpaka uwe tayari. Jaketi la kuokolea livaliwe. Likifungwa nyuma ya kiti halimwokoi mtu. Penye viboko au mamba, njia hii iondoe kwenye orodha.

*Utakachokiona.* Ukimya, na ndege wanaowinda kutoka matawini juu ya maji.

*Inamfaa* aliyekwisha kuuzoea mtumbwi bila kamera.

5. Darubini ya stendi na simu

*Pembe na umbali.* Mita 50 hadi 200. Kwa umbali huo pembe hulainika yenyewe, hata ukiwa umesimama. Simu nyingi lenzi yake kuu ni sawa na milimita 26 hivi. Ukiiweka nyuma ya darubini inayokuza mara 25 unapata sawa na milimita 650. Ukuzaji wa mara 60 unaonekana mkubwa kwenye maandishi, lakini darubini ya kioo cha milimita 85 hapo hutoa mwale wa upana wa milimita 1.4 tu, picha huwa giza, na mazigazi hukuzwa pamoja na ndege. Bakia kati ya 20 na 30.

*Usumbufu.* Karibu hakuna.

*Kinachoharibika.* Duara jeusi pembeni: kuza kwenye simu mara 1.5 hadi 2 litoweke. Simu inayoruka yenyewe kwenda lenzi nyingine: ifunge kwenye lenzi kuu. Mtikisiko wa kidole: tumia kipima muda cha sekunde 2. Simu iliyoshikwa kwa mkono haikai sawa na jicho la darubini, hivyo kishikizo chake ni cha lazima. Ubora wa picha hautafikia ule wa lenzi ndefu, na kwa ndege anayeruka njia hii haina jibu. Video ndiyo inayoitendea haki.

*Utakachokiona.* Hapa darubini inazipita zote nne. Unaona kundi zima: nani anakula wapi, nani anamnyang'anya nani, domomwiko akifyeka maji kushoto na kulia kwa mdomo uliofunguka kidogo, heroe akichuja maji kichwa kikiwa juu chini. Na unasoma miguu. Ndege wengi wahamao hufungwa pete au vibendera vya rangi vyenye herufi, na rangi huonyesha alikofungiwa. Andika rangi, mguu upi, juu au chini ya goti, na herufi. Kisha upeleke taarifa kwa mradi wa ufungaji pete. Mpiga picha wa tumbo anaweza kuondoka na jicho lenye mwanga wa kupendeza bila kujua ndege huyo alitoka bara lingine.

*Inamfaa* anayetaka kujua kabla ya kupiga, vikundi vya wanafunzi, na yeyote aliye mahali ambapo kukaribia kumekatazwa.

Kulingana na hali yako

Una asubuhi moja tu na eneo hulijui: gari, na darubini ya macho mawili mapajani. Ukifika na kukuta hakuna barabara karibu na maji, darubini ya stendi.

Unataka picha moja kubwa ya chamchanga na bamvua inakutana na jua la asubuhi: lala kifudifudi, uwe umefika saa tatu kabla ya maji kujaa, pamoja na mwenzako aliyekaa juu akiangalia vijito.

Unarudi eneo lilelile wiki nzima: hema, ila siku ya kwanza na ya pili zitumie na darubini ukiwa mbali. Zitakuonyesha pa kuliweka, na hema lililowekwa mita 20 pembeni ya pale ndege wanapopapenda ni hema tupu.

Mikoko imekuzunguka na tope halikanyagiki: mtumbwi, maji yakiwa nusu, kwa sababu yakijaa kabisa ndege hupanda ndani ya matawi na yakipwa kabisa utakwama.

Lenzi yako inaishia milimita 300: usikate tamaa na usimsogelee ndege mdogo kwa nguvu. Hema kwa yangeyange na korongo litakupa picha za kutosha, na kundi zima dhidi ya mwanga wa jioni linaihitaji lenzi fupi kuliko ile ya 600.

Msimu wa kutaga, au ndege wamechoka kwa safari na wamelala mchana kutwa: darubini pekee, kutoka mbali, stendi ikiwa imeshushwa na wewe umeketi.